Je, Wajua? Kahawa ya Mlima Usio na Haraka

Je, wajua kwamba kahawa iliingia Kilimanjaro kupitia misheni? Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda Kilema mwaka 1898. Mbegu yao ilikuwa ya ukoo wa Bourbon, kahawa iliyolelewa kwenye kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Sasa chukua ramani ucheke kidogo. Asili ya arabika, jamii ya kahawa hiyo, ni misitu ya milimani ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, si mbali sana na kwetu. Lakini haikuja kwa njia ya mkato. Ilivuka kwanza bahari ikaenda Yemeni, Wafaransa wakaitoa Yemeni na kuipeleka Réunion mwanzoni mwa karne ya 18, ikakaa kisiwani zaidi ya karne moja, ndipo ikarudi barani na kupandishwa mlimani. Mgeni aliyezunguka hivyo hakuja kwa haraka, na huko mlimani hakuna aliyemharakisha.

Je, wajua kwamba arabika ni mtoto wa robusta? Zamani za kale, kabla binadamu hajalima chochote, robusta ilichavushana porini na mmea mwingine uitwao Coffea eugenioides, jamii ya kahawa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki yenye kafeni kidogo sana. Mtoto akarithi kromosomu za wazazi wote wawili: arabika ina 44, wazazi wana 22 kila mmoja. Kwa hiyo Mhaya wa Bukoba mwenye robusta na Mchagga wa Kilimanjaro mwenye arabika wanaotambiana kahawa ya nani ni bora wanagombana ndani ya ukoo mmoja.

Kuhusu ukali, mzazi ndiye mwenye nguvu. Kafeni ya robusta hukaribia mara mbili ya ile ya arabika.

Je, wajua kinachoipa kahawa ya Kilimanjaro ladha yake? Wengi hutaja udongo wa volkano, na kweli udongo huo una rutuba na unapitisha maji vizuri. Mimi nitakutajia kwanza ubaridi. Mlimani kahawa hulimwa kuanzia kama mita 1,000 hadi kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Chini ya hapo ni tambarare za mahindi na alizeti. Juu yake msitu. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi, maana yake mkulima wa juu kabisa analima kwenye hewa yenye ubaridi wa nyuzi karibu tano zaidi kuliko mwenzake wa chini, na wote wawili wako kwenye mlima mmoja.

Huko juu tunda hukawia. Kutoka ua hadi tunda jekundu hupita miezi saba hadi tisa, na ubaridi ukizidi, siku zinaongezeka. Mti unatumia muda huo kuijaza punje sukari na asidi. Punje inatoka ngumu, nzito kuliko umbo lake, na ikikaangwa inavumilia moto bila kuungua upesi. Kikombeni unapata uchachu mchangamfu wa jamii ya machungwa, utamu wa matunda meusi nyuma yake, na uzito wa wastani mdomoni. Uchachu huo usikutishe. Waonjaji wa kahawa huutafuta, kwa sababu kahawa iliyokosa uchachu hunyweka kama maji ya kunawia yaliyopoa.

Je, wajua kwamba anayeamua mavuno ni usiku kuliko mchana? Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliochambua kumbukumbu za hali ya hewa na mavuno ya arabika ya Tanzania. Watafiti walikuta kwamba joto la chini, yaani lile la usiku, likipanda kwa nyuzi 1, mkulima hupoteza kama kilo 137 kwa hekta kila mwaka. Usiku wenye joto huufanya mmea upumue kwa kasi na kuteketeza chakula ulichotengeneza mchana, na tunda nalo huiva kabla ya wakati wake. Dawa inayowajia wengi kichwani ni kuhamisha kahawa ipande juu zaidi. Ipande wapi? Juu ya vihamba, yaani mashamba ya familia ya mlimani, kuna mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na msitu huo ndio unaowapa wakulima wenyewe maji.

Magonjwa nayo yana mwinuko wake. Kutu ya majani hupenda joto la chini ya mlima. Chulebuni, kuvu anayeozesha tunda likiwa bado bichi, hupenda baridi na ukungu wa juu. Basi ukikimbia kutu unakutana na chulebuni njiani.

Chulebuni uligunduliwa Kenya mwaka 1922. Kutu ndiyo iliyoiua kahawa ya Sri Lanka baada ya mwaka 1869, na mashamba yale ndiyo yaliyogeuka kuwa ya chai. Kumbuka hilo unapoonja chai ya Ceylon.

Je, wajua Lyamungu? Ni kijiji cha wilaya ya Hai chenye kituo cha utafiti wa kahawa tangu mwaka 1934. Tangu 2001 ni makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyotoa miche chotara inayohimili kutu na chulebuni. Mkulima mwenye miche hiyo anapumzika kubeba bomba la dawa ya kopa mgongoni msimu mzima. Hata hivyo mlimani bado ipo mibuni mingi mizee, iliyopandwa na babu, ikakatwa shina, ikachipua, ikakatwa tena. Mti wa kahawa ukiachwa hurefuka hata mita kadhaa. Ni kisu cha kupogolea kinachouweka kwenye kimo cha mkono wa mchumaji.

Je, wajua kwamba kahawa inayosifiwa zaidi ya Kenya ina asili ya Tanganyika? Mwaka 1931 ofisa wa kilimo wa Kenya alizunguka Tanganyika, na maeneo ya Monduli akaona mibuni iliyovumilia ukame kuliko mingine. Mbegu zikapelekwa Kenya, na katika miaka ya 1930 maabara ya Scott ikachagua kutoka kwenye kizazi hicho mti mmoja uliokuja kuitwa SL28. Leo ukisikia mtu anaisifu kahawa ya Nyeri kwa ladha yake ya matunda meusi, msikilize kwa heshima, halafu mwambie kwamba bibi yake alitoka huku.

Je, wajua kwamba kihamba kina ghorofa? Ghorofa ya juu ni miti mirefu kama mringaringa na grevilea. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa. Chini kabisa magimbi, maharage, mboga na majani ya ng'ombe aliyefungwa zizini, ambaye samadi yake inarudi kwenye mgomba. Maji huja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa kwa mkono kufuata mteremko kutoka mtoni. Wataalamu wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya mlima huu, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kwa kutumia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kivuli hicho kina kazi ya kuipa kahawa ubaridi pale jua linapozidi. Kina pia wafanyakazi wasiolipwa. Watafiti waliofanya kazi Kilimanjaro walizungushia baadhi ya mibuni nyavu za kuzuia ndege na popo, kisha wakalinganisha; matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Mibuni iliyofikiwa na ndege na popo ilishika matunda zaidi kwa karibu asilimia 9, kwa kuwa wadudu waharibifu waliliwa. Nyuki na wachavushaji wengine waliongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7.4, ingawa arabika ina uwezo wa kujichavusha yenyewe. Mtu anayekata miti yote ili kahawa "ipate jua" anafukuza kikosi kizima.

Na nyuki hao, je, wajua kwamba wanakunywa kahawa kabla yetu? Ndani ya nekta ya ua la kahawa mna kafeni kidogo. Mwaka 2013 wanasayansi walionyesha kwamba kiasi hicho humsaidia nyuki kukumbuka harufu ya ua na kulirudia. Yaani hata nyuki ana kijiwe chake.

Ua lenyewe haliishi. Kahawa husubiri kiangazi kikali, ikipata mvua nzuri inachanua baada ya siku nane hadi kumi. Shamba zima linakuwa jeupe, harufu yake ya asumini inafika barabarani, na baada ya siku chache kila kitu kimenyauka. Mvua ikija kwa vipande, maua nayo huja kwa vipande. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka unaweza kuona kwenye tawi moja tunda jekundu, tunda la kijani na chipukizi la ua. Mchumaji hulazimika kuurudia mti uleule mara kadhaa na kuchagua jekundu tu. Anayekamua tawi zima kwa mkono mmoja humaliza mapema, na mbichi zake zinaonekana kikombeni: ladha ya majani, ukakasi unaong'ang'ania ulimi.

Je, wajua ni kilo ngapi za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi? Kati ya tano na sita.

Huo ni uzito tu. Kazi ndiyo inaanza. Matunda yaliyochumwa leo yanapaswa kumenywa leo. Kwanza yanatumbukizwa kwenye maji, na yanayoelea yanatolewa, kwa sababu yameliwa na wadudu au hayakujaa. Mashine ya kumenyea, ya mkono au ya kiwanda cha chama cha msingi, huondoa ganda jekundu. Punje inabaki na utelezi ambao hauoshiki papo hapo. Inaachwa ichachuke, saa 12, saa 24, wakati mwingine hata 36, kutegemea baridi ya mahali. Hapa ndipo mkulima mzuri anapojulikana. Anaingiza mkono, anasugua punje, anasikiliza: utelezi ukiisha, punje hukwaruzana kwa sauti ya changarawe. Akiwahi kuosha, utelezi uliobaki utavundia kwenye chanja. Akichelewa, kahawa inanuka siki, na punje chache zilizooza zinatosha kuharibu kikombe cha mnunuzi ambaye hajawahi hata kuisikia Kibosho ya huko mlimani.

Kisha chanja za waya, chini ya jua, punje zikigeuzwa mchana kutwa na kufunikwa mvua ikitishia na jua la saa sita likizidi. Unyevu unashushwa hadi kama asilimia 11. Mwenye haraka huanika chini, juu ya turubai au saruji, na punje za chini zinanyonya harufu ya mahali. Kahawa ni mbea. Kila inachokaa nacho, inakisema.

Ikikauka inabaki na ganda jembamba la ndani, na hivyo ndivyo inavyosafirishwa kwenda Moshi kukobolewa na kupangwa madaraja. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. AA, daraja lenye jina kubwa, ni kipimo cha ukubwa wa punje tu: zile zinazobaki juu ya chekecheo lenye matundu ya kama milimita 7. Ladha haijapimwa bado. AA inaweza kuwa mbovu, na B ikakushangaza.

Je, wajua ile punje ya mviringo? Tunda la kawaida hubeba punje mbili zilizotazamana kwa pande zake bapa. Mara nyingine moja hushindwa kukua na mwenzake anajiviringisha, akajaza nafasi yote. Hutokea kwa matunda machache, tuseme matano hadi kumi kwa kila mia. Sokoni zinatengwa kwa daraja la PB, na Marekani kahawa ya Tanzania inajulikana zaidi kwa punje hizi kuliko kwa kitu kingine. Wapo wanaoapa kwamba ni tamu zaidi kwa kuwa imekula chakula cha wawili. Mimi naona utamu wake unatokana zaidi na kuchambuliwa: punje iliyopita mikononi mwa watu mara nyingi ina nafasi ndogo ya kuwa mbovu.

Je, wajua kwamba Japani "Kilimanjaro" huweza kutoka Mbinga, kusini mwa Tanzania? Kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa huko, arabika ya Tanzania yote huruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo, isipokuwa ile ya eneo la Bukoba. Mchanganyiko ukiwa na asilimia 30 tu ya kahawa hiyo, nao unaruhusiwa kubeba jina. Hivyo mkulima wa Mbozi au Mbinga, ambako mlima huuoni hata ukipanda mti mrefu, anauza kivuli cha mlima huo. Wachagga wana haki ya kununa. Wamatengo wa Mbinga, wanaolima kahawa nzuri kabisa kwenye milima yao, wana haki ya kununa zaidi.

Je, wajua kwamba kahawa hii ililazimika kupiganiwa? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mtawala wa Kiingereza wa wilaya ya Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga kupanda. Walowezi wakaja juu. Walisema mashamba ya wenyeji yataeneza magonjwa na kwamba kahawa itaibwa. Hofu nyingine, ambayo haikuhitaji kutamkwa, ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mlowezi. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, ili kununua dawa na mabomba, kulinda mashamba na kuuza pamoja. Wakati huo Kenya, Mwafrika hakuruhusiwa kulima arabika. Vibali vya kwanza vilianza kutolewa miaka ya 1930, tena kwa masharti.

Mwaka 1933 KNPA ikatoa nafasi kwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Usidhani mambo yalikuwa shwari. Kila mkulima alilazimishwa kuuza kupitia chama, na bei iliposhuka lawama zikaenda huko huko, hadi ghasia zikazuka mlimani mwaka 1937. Baadaye chama kiliimarika, na fedha ya kahawa ikalipa karo za watoto wengi kiasi kwamba Kilimanjaro ikawa mbele kwa shule. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu nchi nzima. Mwaka 1984 KNCU ikarudi. Wazee wa mlimani hutaja miaka hiyo kwa sauti mbili tofauti, na ukitaka kujua nani alikuwa na kahawa nyingi, sikiliza tu sauti.

Bei? Ya arabika hutazamwa New York, ya robusta London. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya dunia nzima. Mwaka 1989 mgao wa kimataifa wa mauzo ulipovunjika, bei ikaporomoka, na kwenye vihamba vingi nyanya na migomba ikaanza kuisogeza kahawa pembeni.

Migomba ilikuwa na wakili wake. Kwa desturi ya mlimani, kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Fedha ya kahawa huja kwa msimu na kupitia chama, kwa jina la baba. Mkungu wa ndizi mama anaupeleka sokoni wiki hii na kurudi na chumvi na sabuni. Ukishangaa kwa nini kahawa haikupaliliwa mwaka ambao bei ilikuwa mbaya, anza kuuliza nani alishika jembe na nani alishika fedha.

Je, wajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje? Mgeni akifika mlimani, atakaribishwa mbege au chai ya maziwa. Wanywaji wetu wakubwa wa kahawa wako pwani, kwenye mabaraza, ambako muuzaji hupita na dele juu ya makaa na kugonga vikombe vidogo, kahawa chungu yenye tangawizi, kashata pembeni.

Bukoba wao huitafuna. Robusta ilikuwepo Buhaya kabla ya mmisionari yeyote. Matunda huchemshwa na majani ya viungo, hukaushwa, na mgeni hupewa akae nayo mdomoni. Zamani watu wawili wakila kiapo cha udugu walitumia punje mbili za tunda moja.

Na je, wajua kahawa inavyoonjwa na wanaolipwa kuionja? Husagwa, humwagiwa maji ya moto, huachwa kama dakika nne, kisha ule utando wa juu huvunjwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kugusa kikombe. Halafu kijiko huvutwa mdomoni kwa kelele ambayo nyumbani ingekuletea kofi, ili kahawa isambae ulimini pamoja na hewa. Alama hutolewa kwa mia. Kuanzia 80 inaitwa kahawa maalumu na bei yake hubadilika. Kisha mwonjaji hutema. Angekuwa anameza vikombe vyote vilivyopangwa mezani, asingelala mpaka msimu uishe.